Mchoraji na Bamba la Shaba

Leo twataka kueleza habari za James McNeill Whistler, mchoraji mashuhuri wa Marekani, aliyezaliwa katika mji wa Lowell mwaka 1834. Wengi wamjua kwa picha zake za rangi. Sisi tutatazama kazi yake ya kuchapa picha, kwani ndiyo iliyomfaa siku ya dhiki.

Mwaka 1854, alipokwisha kuondolewa katika chuo cha maofisa wa jeshi cha West Point, alipata kazi Washington katika idara ya ramani za pwani. Huko alijifunza kuchora juu ya shaba. Kazi yenyewe ni hivi: bamba la shaba hupakwa nta, na mchoraji huikwaruza kwa sindano mpaka shaba ionekane. Kisha bamba hutiwa katika tindikali, nayo hula shaba pale tu palipokwaruzwa. Nta ikiisha kuondolewa, mistari hujazwa wino, karatasi yenye unyevu huwekwa juu, na vyote hupitishwa katika mtambo wa kugandamiza. Bamba moja hutoa picha nyingi.

Whistler alichoshwa upesi na ramani, hata akachora vichwa vya watu katika nafasi tupu ya bamba. Mwaka 1855 aliiacha kazi, lakini ujuzi hakuuacha. Baadaye aliutumia London kuchora mto Thames.

Mwaka 1877 John Ruskin, mwandishi wa habari za sanaa, aliidharau picha yake moja ya rangi. Whistler akamshtaki, akidai pauni 1,000. Mwaka 1878 alishinda, lakini fidia ilikuwa robo ya peni tu, na gharama zake za kesi akazilipa mwenyewe. Mwaka 1879 akafilisika, na nyumba yake ikauzwa.

Ndipo kampuni ya Fine Art Society ya London ilipomtuma Venice akachore mabamba 12 kwa miezi mitatu. Alikaa zaidi ya mwaka, akachora yapata 50. Alichukua bamba mkononi, akachora papo hapo. Kwa hiyo katika karatasi mji waonekana umegeuka, kulia kuwa kushoto. Alipochapa, alibakiza utando wa wino juu ya bamba, maji yakaonekana kama ya usiku. Picha 12 zilionyeshwa London Desemba 1880.

Whistler alifariki mwaka 1903. Akiba haiozi: aliyojifunza kwa wachora ramani akiwa na miaka 20 ndiyo yaliyompa njia ya kuanza tena akiwa na miaka 45.