Sugu za baba mdogo na kioo cha simu

Jumapili iliyopita nilikuwa Olasiti kwa baba mdogo. Yeye ni fundi mwashi, na saruji ameishika tangu mimi sijazaliwa. Watoto wake wamemnunulia simu ya tachi. Akanipa huku akisema, "Mwanangu, hebu iangalie hii simu. Inanidharau."

Nikaigusa, ikafunguka. Akaigusa yeye kwa kidole gumba, kimya. Akarudia, kimya. Tukacheka wote, ila yeye hakucheka sana.

Jamani, simu ile ni nzima. Chini ya kioo chake kuna nyuzi nyembamba zisizoonekana, zenye chaji ndogo ya umeme. Mwili wetu una maji na chumvi, kwa hiyo unapitisha umeme. Kidole kikikaribia, chaji ile inabadilika kidogo mno, na chipu inapima badiliko hilo. Likivuka kizingiti alichoweka mhandisi, chipu inasema nimeguswa. Lisipovuka, inaona hakuna mtu. Sasa ngozi ikiwa kavu na nene kwa sugu, nyama yenye maji inakaa mbali na kioo, na badiliko linakuwa dogo.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1920 Mrusi Leon Theremin alitengeneza ala ya muziki inayopigwa bila kuguswa: unasogeza mikono hewani karibu na antena, sauti inapanda na kushuka. Mwaka 1965 Mwingereza E. A. Johnson, wa kituo cha utafiti wa rada kule Malvern, aliandika kuhusu kioo cha kugusa kwa ajili ya waongoza ndege. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Bent Stumpe, mhandisi kutoka Denmark, akabuni kioo chake pale CERN, Uswisi. Kilikuwa na vitufe 16 tu, na kilitumika kuendesha mtambo mkubwa ulioanza kazi mwaka 1976.

Hapa ndipo historia iliponigusa. Mmarekani Wayne Westerman alikuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Delaware, na mikono yake ilimuuma kwa kuchapa sana. Akatafuta namna ya kuipumzisha. Yeye na mwalimu wake, John Elias, wakaanzisha kampuni ya FingerWorks, wakatengeneza vibao vinavyotaka mguso mwepesi tu. Apple wakainunua mwaka 2005, na mwaka 2007 iPhone ikatoka. Kwa maneno mengine, njia moja iliyotufikisha kwenye simu hizi ilianzia kwenye mikono yenye maumivu.

Kwetu Afrika Mashariki, wengi tulianza na simu za Kichina zenye kijikalamu. Vioo vile vilitaka kukandamizwa, hata kwa ukucha au kijiti, na havikujali sugu. Kisha mwaka 2011 Safaricom wakaleta Kenya simu ya Huawei IDEOS, kwa shilingi 8,000 hivi za kule. Ilikuwa na kioo cha kuhisi chaji. Simu za kupangusa zikaanza kushuka kwa watu wa kawaida.

Mtu atasema ngozi ni ngozi, mhandisi afanyeje? Mwaka 2012 Nokia walitoa Lumia 920, simu unayoweza kuitumia ukiwa umevaa glovu. Ina maana kizingiti kinashushika! Kazi ngumu ni kuifanya chipu isidanganywe na tone la maji au umeme wa chaja, lakini ikafanyika. Mzungu anayeona baridi alifikiriwa. Fundi wa Olasiti je?

Hili si jambo dogo. M-Pesa ilipoingia Tanzania mwaka 2008, ilikuja kwenye kitochi. Vidole vyovyote viliweza kubonyeza. Leo huduma zinahamia kwenye programu za kupangusa. Tukimwachia kioo aamue nani ana kidole, waliojenga nyumba tunazolala watabaki nje ya mlango.

Nilitafuta kwenye mipangilio ya simu ya baba mdogo, nikakuta sehemu ya kuongeza wepesi wa kioo, nikaiwasha. Akapaka na mafuta kidogo kidoleni. Ikafunguka, mara moja kati ya tatu.

Akaiweka mezani. Kisha akatoa kitochi mfukoni, akabonyeza *150*00# kumlipa kibarua wake.

Tafakari.