Joseph Rotblat na Bomu la Atomiki

Majina ya waliounda vitu vikubwa hukaririwa shuleni. La mtu aliyekataa kuunda husikika kwa nadra. Joseph Rotblat alizaliwa Warsaw, nchini Poland, mwaka 1908. Vita viliifukarisha jamaa yake, akafanya kazi ya fundi umeme mchana na kusoma usiku, hata akawa bingwa wa fizikia. Mwaka 1939 alikwenda Liverpool kufanya kazi na James Chadwick. Mkewe alikuwa mgonjwa, akabaki nyuma. Mara vita vikazuka, wasionane tena.

Rotblat hakupenda silaha. Lakini alihofu kuwa Wajerumani wangetangulia kupata bomu la atomiki, akaona kinga ni wapinzani wao kuwa nalo pia, ili Hitler asithubutu kulitumia lake. Kwa fikira hiyo alifika Los Alamos, Marekani, mapema mwaka 1944. Kabla mwaka haujaisha ilidhihirika kwamba Wajerumani walikuwa wameliacha jambo hilo. Sababu iliyompeleka ilikuwa imekufa, naye akaomba ruhusa aende zake.

Msomaji na atulie hapa kidogo. Wenzake walibaki: baadhi kwa shauku ya kuona kama hesabu zao ni sahihi, baadhi wakitumaini kwamba bomu lingeokoa maisha ya askari. Si sababu za watu waovu, na ndiyo maana zinatisha. Wakuu wa usalama walimshuku Rotblat kuwa ni mpelelezi wa Warusi, tuhuma hazikusimama. Akaruhusiwa kuondoka, kwa sharti asiwaambie wenzake sababu yake. Waambiwe tu kuwa ana wasiwasi juu ya mkewe. Wasiwasi kweli alikuwa nao: mkewe aliuawa na Wanazi pamoja na Wayahudi wenzake.

Baada ya vita aliigeuza elimu yake iwafae wagonjwa, katika hospitali ya St Bartholomew's, London. Mwaka 1954 Wamarekani walijaribu bomu Bikini, vumbi lake likawaangukia wavuvi wa Kijapani. Rotblat alipiga hesabu, akaona sumu yake ilizidi mno ile iliyotangazwa, akachapisha aliyoyaona. Mwaka 1957 wanasayansi 22, Warusi na Wamarekani wakiwamo, walikutana Pugwash, Kanada, kushauriana juu ya hatari hiyo. Naye akawa katibu wao hadi mwaka 1973.

Mwaka 1995, akiwa na umri wa miaka 87, alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani pamoja na chama hicho. Katika hotuba yake alipendekeza wanasayansi nao wawe na kiapo, kama walivyo nacho waganga.