Taa Ndogo na Ushahidi Wake

Msomaji wangu, yamkini umepata kuketi karibu na dereva wa motokaa ya dizeli, ukaona nyuma ya usukani taa ndogo ya manjano yenye sura ya injini. Dereva awashapo gari, taa hiyo huwaka kidogo, kisha huzimika. Lakini ikiendelea kuwaka safarini, ina neno la kusema. Na tuulize neno hilo ni lipi, na taa ilipewaje ulimi.

Injini ya dizeli ilibuniwa na Mjerumani Rudolf Diesel. Mwaka 1897, katika mji wa Augsburg, injini yake ilifanya kazi vizuri bila cheche ya kuwasha mafuta. Hewa hugandamizwa mpaka ikawa na joto kali, na mafuta yakinyunyizwa humo huwaka yenyewe. Injini hii hutumia mafuta machache kwa kazi nyingi. Hata hivyo, haikukosa ila: joto lile lile huunganisha nitrojeni na oksijeni za hewa zikawa gesi zenye kudhuru mapafu, na mafuta yasiyoungua sawasawa hutoa masizi.

Katika miaka ya 1940 mji wa Los Angeles, huko Marekani, ulianza kufunikwa na ukungu uliowasha macho ya watu. Wengi walilaumu viwanda. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit alionyesha kwamba ukungu ule ulizaliwa pale mwanga wa jua ulipokutana na moshi wa magari na mvuke wa petroli. Sheria zikatungwa. Lakini gari litokalo kiwandani likiwa safi, nani atajua kwamba limechafuka baada ya miaka mitano? Jibu lilikuwa kulifanya gari lijichunguze lenyewe. Marekani iliamuru hivyo kwa magari madogo mapya tangu mwaka 1996, na Ulaya kwa yale ya dizeli kufikia mwaka 2004.

Taa inapowaka, fundi huchomeka chombo chake katika tundu lenye pini 16 chini ya dashibodi, akasoma namba. Tuseme amesoma P0401. Namba hiyo yasema kwamba moshi unaorudishwa ndani ya injini ili kupunguza joto la mwako ni mchache mno. Haisemi sababu. Je, masizi yameziba vali? Bomba limepasuka? Au sensa yenyewe ndiyo mbovu? Fundi mwenye haraka hununua vali mpya, na kesho yake taa ikawaka tena. Fundi mwenye busara hupima kila kitu kwanza, kwa maana namba ni ushahidi, si hukumu.

Na shahidi naye aweza kufundishwa uongo. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha West Virginia walitangaza matokeo ya kupima moshi wa magari ya dizeli yakiwa barabarani, si katika chumba cha majaribio. Baadhi yalitoa gesi za nitrojeni mara nyingi kuliko sheria ilivyoruhusu. Mwezi Septemba 2015 kampuni ya Volkswagen ilikiri kosa: programu ya siri ndani ya gari ilitambua saa ya mtihani, ikasafisha moshi, mtihani ukiisha, ikaacha. Magari kama milioni 11 duniani yalikuwa na programu hiyo. Kwa kuwa udanganyifu ulipangwa na waundaji wenyewe, taa haikumwonya dereva juu yake.

Hata leo wako wenye magari ambao, taa ikiwaka, humlipa fundi aizime tu, ugonjwa ukabaki. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa kuna jambo baya zaidi: mficha maradhi ni mwenye gari, na mapafu yanayoumia ni ya mtoto aendaye shule kwa miguu kando ya barabara.

Basi, msomaji, siku utakapokuwa na gari lako mwenyewe, au utakapokuwa fundi, au mtunga sheria, ikumbuke taa hii ndogo. Mjumbe hauawi, husikilizwa, na habari yake ikapimwa.