Royal Marines: Kutoka Makoti ya Njano hadi Kambi ya Colito

Tarehe 28 Oktoba 1664, Mfalme Charles II wa Uingereza aliidhinisha kuandikishwa kwa askari 1,200 wa kupigana melini. Vita na Waholanzi vilikuwa vinanukia. Mabaharia walijua kutweka tanga na kufyatua mizinga, lakini kulenga kwa bunduki na kushuka pwani kwa mpangilio haikuwa fani yao. Kikosi kikapewa jina la Duke of York, ndugu wa mfalme na mkuu wa jeshi la majini, pamoja na makoti ya njano, rangi aliyoipenda mwenyewe. Hao ndio mababu wa Royal Marines.

Kwa karibu karne nzima askari hao waliandikishwa vita vikija na kuachishwa vikiisha. Walisaidia kuiteka Gibraltar mwaka 1704, na jina hilo bado limo kwenye nembo yao. Mwaka 1755 ndipo kikosi kilipofanywa cha kudumu: kombania 50 chini ya wizara ya majini, zikiwa na makao Chatham, Portsmouth na Plymouth.

Kulikuwa na kazi nyingine isiyoimbwa sana. Ndani ya manowari, askari hawa walilala katikati, baina ya vyumba vya maofisa na mahali pa mabaharia, na si kwa bahati mbaya: walikuwepo ili kuwalinda maofisa dhidi ya maasi. Wengi wa mabaharia walikuwa wamekamatwa bandarini na kulazimishwa kutumika. Mshahara mdogo, chakula kibovu, viboko vingi. Mwaka 1797 mabaharia waliasi kwenye maegesho ya manowari ya Spithead, kisha Nore, na watawala wakatetemeka. Miaka mitano baadaye Mfalme George III aliwapa askari hao cheo cha “Royal”. Ushujaa ulichangia, sikatai. Ila kwa maoni yangu utiifu ndio uliolipwa zaidi.

Karne ya 19 iliwapeleka kila pwani ambayo Uingereza ilikuwa na maslahi, Zanzibar ikiwemo. Agosti 1896 walishushwa mjini humo wakati Khalid bin Barghash alipokalia kiti cha usultani bila idhini ya Waingereza. Mizinga ya manowari ilimaliza shauri lile kwa chini ya saa moja.

Vita vya pili vya dunia viliwageuza kuwa makomandoo kuanzia mwaka 1942. Siku ya Normandy, Juni 1944, wengi wa waliokuwa wakiendesha mashua za kuwashusha wanajeshi ufukweni walikuwa wao. Suez, Novemba 1956, kikosi cha makomandoo cha 45 kilishuka vitani kwa helikopta, jambo ambalo lilikuwa geni kabisa wakati huo. Mwaka 1982 kikosi hichohicho kilitembea kwa miguu katika matope ya Falklands kikiwa na mizigo mgongoni. Lakini mkazi wa Dar es Salaam ana sababu nyingine ya kukikumbuka.

Tarehe 20 Januari 1964, askari wa Tanganyika Rifles, jeshi la nchi wakati huo, katika kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo, waliasi. Walidai mshahara bora na kuondolewa kwa maofisa Waingereza, ambao walikuwa bado wanashika uongozi miaka miwili baada ya uhuru. Kesho yake Tabora nako kukachafuka. Serikali ya Nyerere, shingo upande, ikaomba msaada kwa mkoloni wa jana.

Manowari ya kubebea ndege, HMS Centaur, ilikuja kutoka Aden na kikosi cha 45. Alfajiri ya Januari 25, huku manowari nyingine ikipiga mizinga ya kuzuga, helikopta zilitua karibu na kambi. Brigedia Douglas, kamanda wa Tanganyika Rifles, aliwataka waasi kwa kipaza sauti wajisalimishe. Walipokaidi, chumba cha walinzi kilipigwa kombora. Askari wachache walikufa, wengine wakatupa silaha, na kambi ikatekwa kabla jua halijapanda sana. Kikosi kilichozoea kuzima maasi ya melini kilizima maasi ya nchi kavu, safari hii kwa ombi la taifa huru.

Nyerere hakuficha kwamba ilikuwa aibu. Askari wa Nigeria walikuja kushika nafasi ya Waingereza, jeshi la zamani likavunjwa, na wapya wakaandikishwa, wengi wao vijana wa chama tawala, TANU. Tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania.