Namba Mwanzoni mwa Mstari

Kazi yangu ni kuandika programu za kompyuta, na kwetu Tanga mimi ndiye niliyeachiwa kutunza nasaba ya ukoo. Daftari za shangazi zangu nimezinakili katika faili moja la maandishi matupu, na programu inayolisoma na kuuchora mti wa ukoo nimeiandika mwenyewe. Mbinu iliyomo ndani yake, hata hivyo, ni ya wengine. Ina zaidi ya miaka 60, na chimbuko lake ni hesabu za mishahara na maghala.

Mei 1959, maofisa wa serikali ya Marekani na wawakilishi wa kampuni za kompyuta walikutana Pentagon. Walitaka lugha moja ya programu za biashara, itakayokubaliwa na mashine za kampuni mbalimbali. Lugha hiyo, COBOL, ilichapishwa 1960. Enzi hizo programu ziliingia kwa kadi za kutobolewa, kila kadi mstari mmoja wa herufi 80, na matawi hayakuwa na pa kuchorwa. Basi kila mstari wa kueleza data ukapewa namba ya ngazi. Kwa mfano, 01 ni mfanyakazi mzima. 05 ni jina lake. 10 ni jina la kwanza, na 10 nyingine ni la ukoo. Ikitokea 05 tena, habari za jina zimekwisha na huenda tumeingia kwenye mshahara. Mti mzima umo katika namba hizo na mpangilio wa mistari.

Mwaka 1968 Donald Knuth, katika juzuu ya kwanza ya The Art of Computer Programming, alieleza hatua kwa hatua jinsi ya kuujenga mti kutoka kwenye namba za namna hiyo. Siri yake ni rundo, linalopangwa kama sahani: ya mwisho kuwekwa ndiyo ya kwanza kuondolewa. Soma mstari. Maadamu namba iliyo juu ya rundo ni sawa na hii mpya au inaizidi, iondoe. Itakayobaki juu ndiyo mzazi wa mstari huu. Uunganishe naye, kisha uuweke nao juu ya rundo. Faili husomwa mara moja tu, kuanzia juu hadi chini, na kila mtoto humpata mzazi wake.

Mwaka 1984 Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lenye makao Salt Lake City, lilitumia namba za ngazi katika GEDCOM, muundo wa faili za nasaba. Kipande cha faili langu, kinachomhusu babu mmoja, ni hiki:

0 @I7@ INDI
1 BIRT
2 DATE 1931
2 PLAC Pangani
1 FAMS @F1@
1 FAMS @F2@

Mwaka na mahali viko chini ya kuzaliwa. Kuzaliwa kuko chini ya mtu. Hapo ngazi zinatosha. Lakini mtu ana wazazi wawili, na kwetu binamu huoana, hivyo matawi yaliyoachana hukutana tena. Ndiyo maana ndoa haikuwekwa chini ya mtu yeyote. Kila ndoa ina kumbukumbu yake, na mtu huelekezwa kwayo kwa alama. Babu huyu alikuwa na wake wawili, kwa hiyo ana mistari miwili ya FAMS, na watoto wa kila nyumba wanajulikana mama yao.

Personal Ancestral File, programu ya kanisa hilo iliyozaliwa pamoja na GEDCOM, iliachwa 2013. Faili za GEDCOM zilizotoka humo zinasomeka hadi leo, kwa sababu ni mistari tu yenye namba mwanzoni. Ndiyo maana nawasihi wenye nasaba za pwani wasiridhike na picha nzuri ya mti ndani ya programu ya simu. Programu ikifa, picha hufa nayo. Nakilini majina katika faili la maandishi matupu, kila mtu na ngazi zake, kila ndoa na watu wake. Wajukuu wataandika upya programu ya kuuchora mti kwa mistari michache, lakini jina ambalo halikuandikwa hakuna programu itakayolirudisha.