Mfarakano, si Mgawanyiko

Mfarakano wa kisiasa ni hali ya wananchi kujipanga katika kambi zinazoogopana, kila moja ikiona nyingine kuwa adui wa nchi na si mpinzani tu. Magazeti huiita mgawanyiko. Wako pia wanakamati wa istilahi wanaotaka neno lijengwe juu ya ncha, kwa kuwa lugha za Ulaya zilifanya hivyo. Lakini ncha za sumaku zisizofanana huvutana, kinyume cha kambi zinazoogopana. Mtoto wa shule ya msingi anajua.

Mgawanyiko nao una kasoro, ila watetezi wake hawapendi kuisikia. Katika gawanyika kuna -ik-, kiambishi cha hali, ambacho humficha mtenda. Mkate hugawanyika bila chuki, na bunge la vyama viwili limegawanyika tangu siku ya kuapishwa, lakini kazi inafanyika. Ndugu hufarakana. Kitenzi hiki kimetokana na mzizi wa Kiarabu f-r-q, wa kutenganisha, uliotupa pia faraka. (Faragha, ambayo baadhi ya wajuzi huiunganisha humo, ina mzizi wake wenye gh.) Kiambishi -an- ni cha kutendana: hafarakani mtu peke yake, na ni lazima kuwe na uhusiano uliokuwapo kabla. Waandishi wa historia ya Kanisa waliliona hilo mapema. Utengano wa Roma na Konstantinopoli wa 1054 wanauita farakano. Anayedai kuwa neno hili ni la ugomvi wa nyumbani tu hajasoma vya kutosha.

Faida kubwa zaidi iko katika kauli ya kusababisha: farakanisha, na kutoka hapo ufarakanishaji, yaani kazi ya anayechochea. Mitandao ya kijamii inalihitaji neno hili. Kuanzia 2017 mfumo wa Facebook wa kupanga machapisho ulikihesabu kikaragosi cha hasira mara 5 ya alama ya kupenda, hivyo chapisho la kuudhi likawafikia wengi. Nyaraka za ndani zilizofichuliwa na Frances Haugen, aliyekuwa mfanyakazi wa Facebook, mwaka 2021 zilionyesha kwamba wafanyakazi wenyewe walitahadharisha. Huo ni ufarakanishaji. Je, umezaa mfarakano kiasi gani? Hilo ni swali jingine. Katika uchaguzi wa Marekani wa 2020, watafiti waliwaonyesha baadhi ya watumiaji wa Facebook na Instagram machapisho kwa mfuatano wa wakati, kwa takribani miezi 3. Matokeo, yaliyochapishwa 2023, hayakuonyesha badiliko la maana katika chuki ya kikambi wala katika maarifa ya kisiasa, ingawa walichokiona kilibadilika. Neno mgawanyiko pekee haliwezi kuyatenga maswali haya mawili.

Kimatumizi: mfarakano, wingi mifarakano, ni hali, farakano, wingi mafarakano, ni tukio, mfarakanishi ni mtu, na mtandao hufarakanisha.