Mfumo Dume: Tuanze na Mfumo

Katika mijadala ya siasa za Tanzania, istilahi ya kifeministi iliyozoeleka kuliko zote ni mfumo dume. Ndiyo tuliyoipa dhana ya utawala wa akina baba, ambayo Kate Millett aliifanya hoja ya kisiasa katika Sexual Politics, kitabu cha mwaka 1970. Bahati mbaya, wengi wakiisikia hukimbilia dume. Kila mwanamume ukumbini hujiona ameshtakiwa, na mjadala huishia hapo.

Sarufi ya istilahi hii inataka tuisome vingine. Mfumo hutokana na fuma: nyuzi kupitana mpaka zikashikana. Tena hatusemi "mfumo wa dume". Nomino mbili zimewekwa sambamba, kama askari kanzu, ya pili ikieleza sura ya ile ya kwanza. Kwa hiyo hatumtafuti dume mwenye mali. Hata wifi anayemfukuza mjane shambani amo katika kufuma.

Mabogini, kusini mwa mji wa Moshi, inafaa sana kwa kuipima istilahi hii. Huko kuna skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyokamilika mwaka 1987 kwa mkopo wa Japani, ikitumia maji ya mito Njoro na Rau kulimia mpunga. Harold Lasswell aliandika mwaka 1936 kwamba siasa ni nani anapata nini, lini na vipi. Kwa muda mrefu wasomi wa siasa walilipeleka swali hilo wizarani na bungeni, likaishia huko. Ufeministi ukalishusha hadi kwenye jaruba. Nani ameinama matopeni akipandikiza miche? Nani anasimama kusema zamu ya maji inapogombewa? Jina la nani limo daftarini?

Ukiufuata uzi huo utapanda nao mlimani Kilimanjaro. Kwa desturi ya Wachaga, kihamba, yaani shamba la familia, hurithiwa na watoto wa kiume, na kitinda mimba wa kiume hubaki na kile cha wazazi. Binti anahesabiwa kuwa ataolewa kwingine. Urithi huzaa jina katika ardhi, jina huzaa kauli mkutanoni, na kauli mkutanoni huamua maji. Katika mlolongo wote huo hahitajiki mwanamume katili hata mmoja. Hapo ndipo ninapoiona nguvu ya istilahi hii: inaonyesha dhuluma inayoendeshwa na watu wema kabisa.

Ndiyo sababu pia kuhesabu wanawake walio madarakani hakutoshi. Lucy Lameck, mzaliwa wa Moshi, aliingia serikalini kama waziri mdogo mwanzoni mwa miaka ya 1960, na vihamba viliendelea kwenda kwa wana wa kiume. Viti maalumu vya wanawake bungeni vilikuwa 15 mwaka 1985. Leo Katiba inataka visipungue asilimia 30. Nafurahia hatua hiyo, lakini mwaka 2006 wajane wawili wa Shinyanga walipozipinga kanuni za kimila za urithi za mwaka 1963, Mahakama Kuu ilikubali kwamba zinabagua, kisha ikaziacha.

Wasomi wetu waliliona hilo mapema. Ruth Meena, mwanasayansi ya siasa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alihariri mwaka 1992 kitabu kuhusu nadharia za jinsia Kusini mwa Afrika. Mtandao wa Jinsia Tanzania (TGNP), ulioanzishwa mwaka 1993, ukaipeleka hoja ya jinsia hadi kwenye bajeti ya taifa.

Binafsi naona uzi uliokatwa vizuri zaidi uko katika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi, na baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe 7, sharti liwe na wanawake wasiopungua 3. Mwanamke wa Mabogini anayenyang'anywa shamba na shemeji zake aanzie kwenye baraza hilo, akikitaja kifungu hicho kwa namba yake.